Droo ya Mkuu wa Shule

Katika miaka yangu ya ualimu nilikuwa na droo moja iliyojulikana kwa wanafunzi wote. Ilikuwa upande wa kulia wa meza yangu ofisini, na ufunguo wake niliuvaa shingoni pamoja na filimbi. Mwanzoni droo ile ilihifadhi manati, karata, barua za mapenzi na vioo vidogo vya kujitazamia. Kuanzia miaka ya 2000 ikaanza kupokea simu. Nilipostaafu mwaka 2011 na kukabidhi ofisi, tulikuta humo simu kumi na moja ambazo wenyewe hawakurudi kuzidai. Nilizihesabu mbele ya mwenzangu aliyepokea ofisi, kwa majivuno, kama mwindaji anayehesabu ngozi. Leo, ndugu msomaji, nataka kueleza kwa nini majivuno yale yamenitoka.

Ninaishi Mwandiga, nje kidogo ya mji wa Kigoma, pale inapoanzia barabara ya kwenda Manyovu mpakani mwa Burundi. Umri wangu umekwisha kupita miaka 70. Nilisomea ualimu katika Chuo cha Ualimu Tabora, nikaanza kazi mwaka 1972 katika shule ya msingi ya kijijini, nikajiendeleza taratibu, na nikamaliza utumishi nikiwa mkuu wa shule ya sekondari. Nyumbani tuko wanne: mimi, mke wangu, na wajukuu wawili ambao wazazi wao wako Geita wakitafuta riziki. Mkubwa ni msichana, ambaye mwaka 2024 alikuwa kidato cha pili. Mdogo ni mvulana, naye mwaka huo alikuwa na miaka minne.

Jioni moja ya masika mwaka huo wa 2024 tulikuwa sebuleni tukisubiri chakula. Umeme ukakatika. Kwa kawaida umeme ukikatika nyumba huwa giza, mtu akaanza kutafuta kiberiti. Safari hii hapakuwa na giza. Mjukuu mkubwa alikuwa pembeni na simu yake, mdogo wake alikuwa chini ya meza akitazama katuni katika simu kuukuu ya baba yake, nami nilikuwa kitini na simu yangu. Hakuna aliyeinua kichwa. Mke wangu alitoka jikoni na sahani ya dagaa, akasimama mlangoni akitutazama, akasema, "Mmekuwa kama mitumbwi ya Kibirizi."

Asiyejua Kibirizi nimweleze. Ni ufuko wa wavuvi hapa Kigoma. Usiku usio na mbalamwezi wavuvi hutoka ziwani na taa, zamani karabai na siku hizi taa za umeme wa jua, na kila chombo hukaa mbali na mwenzake. Ukisimama nchi kavu unaona mji mzima umewaka juu ya maji. Dagaa hufuata ule mwanga hadi juu, na wavu huwa unawasubiri. Tulicheka maneno ya bibi, tukala, na simu zetu zikabaki kando ya sahani. Nilikuja kukumbuka baadaye kwamba mjukuu wangu mkubwa hakucheka.

Simu ile aliletewa na baba yake alipofaulu darasa la saba mwaka 2022. Nilikuwa na shaka, lakini baba yake alisema itamsaidia katika masomo, na kwamba angependa kuzungumza na watoto wake huku akiwaona. Sababu zote mbili zilikuwa za kweli. Ikabaki suala la laini. Tangu Januari 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha Taifa huzimwa, na mtoto hana kitambulisho hicho. Basi nikaenda kwa wakala pale senta, nikatoa kitambulisho changu, nikaweka kidole. Hiyo ndiyo kazi yote niliyoifanya. Laini iko kwa jina langu mbele ya serikali, lakini kilichopita katika laini hiyo sikukijua, wala sikuwahi kuuliza. Ningemkabidhi mtoto baiskeli, ningemkimbilia nyuma nikiwa nimeishika hadi azoee. Simu nilimkabidhi nikageuka nikaenda zangu.

Mwezi wa Machi mtoto akaanza kupungua. Alikuwa mtu wa kucheka na kubishana, akawa kimya. Chakula akakigusa kwa ncha za vidole. Katika Hisabati, somo alilolipenda, akapata alama 31. Nilimpeleka zahanati kupima malaria, na kipimo hakikuonyesha kitu. Nikasema basi ni utu uzima unabisha hodi, atazoea. Nikarudi kwenye simu yangu, kwa kuwa siku hizo kundi letu la walimu wastaafu lilikuwa na mjadala mkali kuhusu kikokotoo cha mafao, nami nilikuwa mmoja wa wasemaji wakuu.

Aliyekuja kuujua ukweli ni mke wangu. Mke wangu hajui kufungua simu janja. Simu yake ni ya kitochi, na kazi yake ni kupiga, kupokea na kumulika njia ya bandani. Jumamosi moja yeye na mjukuu wake walikuwa nyuma ya nyumba wakichambua maharage. Hakumwuliza kitu. Walichambua tu, sahani moja hadi nyingine, na katikati ya kazi mtoto akaanza kulia.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Kulikuwa na mtu aliyejitambulisha mtandaoni kuwa msichana wa kidato cha tatu wa shule nyingine. Walianza kwa kusaidiana maswali ya Bailojia. Baada ya wiki mbili "msichana" yule akaomba picha, naye mjukuu wangu akatuma moja aliyopigwa akiwa na sare ya shule. Ndipo maneno yakabadilika. Mtu yule akaanza kutaka picha ambazo mtoto hapaswi kuombwa na mtu yeyote. Alipokataa, aliambiwa kwamba ile aliyokwisha kuituma itachezewa kwa ufundi wa kompyuta ionekane kama yu uchi, kisha isambazwe shuleni kwao. Na mwisho kabisa akawekewa onyo: "Ukimwambia babu yako utapigwa wewe, na simu utanyang'anywa."

Mtoto alibeba mzigo huo peke yake kwa wiki tatu, chini ya paa langu, chumba cha pili kutoka changu.

Mke wangu aliponieleza, hasira yangu yote ilimwendea yule mtu, na baada yake simu. Nilisimama nikaanza kwenda chumbani kwa mtoto kuichukua. Mke wangu akasema, "Mwalimu, kaa kwanza. Mtoto hakumwogopa yule mtu peke yake. Alikuogopa na wewe."

Nilitoka nje nikakaa chini ya michikichi. Nilijaribu kumkasirikia mke wangu, nikashindwa. Yule mhalifu hakuwahi kuniona, lakini alikuwa amenikisia barabara. Alijua kwamba katika nyumba nyingi kuna mtu mzima kama mimi, ambaye akisikia habari ya simu atatafuta kwanza fimbo na ufunguo wa droo. Ujanja wake wote ulisimama juu ya jambo hilo. Kama mtoto angekuwa na hakika kwamba akija kwangu nitamsikiliza, vitisho vile visingemaliza hata siku moja. Mimi niliyejiona mlinzi wa nyumba ndiye niliyekuwa kufuli ya yule mwizi.

Nikiwa pale chini ya michikichi nikakumbuka simu moja katika zile kumi na moja. Ilikuwa ndogo, nyekundu, ya msichana wa kidato cha tatu. Niliikamata wakati wa maandalio ya usiku, nikampa adhabu, nikaifungia. Hakuja kuidai. Muhula uliofuata hakurudi shuleni, nasi tukaandika "mtoro" katika daftari la mahudhurio. Sijui kilichompata, na sitaki kujitungia hadithi. Ninalolijua ni kwamba nilichukua simu na sikumwuliza mtoto swali hata moja: ni ya nani, nani alikununulia, kwa nini unaificha. Kifaa nilikiona. Mtoto sikumwona.

Kisha nikakumbuka jambo jingine, nalo lilinivunja zaidi. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa najenga uzio. Nilikuwa nimekubaliana na fundi kwamba nitamtumia fedha kwa simu. Asubuhi ukaingia ujumbe kutoka namba ngeni: ile pesa itume kwenye namba hii. Nikatuma shilingi 85,000 bila kupiga simu kuuliza. Fundi alipofika mchana kudai chake, nikajua nimeibiwa. Ujumbe wa namna hiyo kila Mtanzania ameusikia, umetangazwa redioni, hata watoto wanautania. Na mimi, msomi wa kijiji, nilinaswa nao. Je, nilimwambia mtu? Sikumwambia hata mke wangu. Nilimwambia fundi ameongeza bei. Nilikuwa mtu mzima, mwenye fedha yangu na nyumba yangu, hakuna wa kunichapa. Hata hivyo aibu ilinifunga mdomo nikasema uongo. Nikajiuliza: kama mzee wa miaka 70 na zaidi alishindwa kusema, nilitegemea mtoto wa miaka 15 aseme?

Jioni ile nilimwita mjukuu wangu nje. Alikuja ameinamisha kichwa, simu mkononi, akaninyooshea kabla sijasema neno. Sikuipokea. Nilimwambia habari ya fundi na zile shilingi 85,000. Kwanza hakuelewa kwa nini namweleza. Kisha akauliza, "Babu, hukupiga simu kuhakikisha?" Nikasema sikupiga. Akatabasamu kidogo, mara ya kwanza kwa wiki nyingi. Halafu akakaa karibu nami, akafungua simu yake, akanionyesha ujumbe wote, mmoja baada ya mwingine. Mikono yake ilitetemeka, na yangu pia.

Yeye alitaka kuufuta wote usionekane tena. Tulikubaliana tusifute. Namba, tarehe na maneno yenyewe ni ushahidi, na nchi yetu ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Tukamfungia mtu yule asiweze kuandika tena, na asubuhi tukaenda pamoja kituoni, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Nilijifunza pia kwamba ipo namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo mtoto au mzazi anaweza kuipiga bure. Nilikuwa mwalimu kwa karibu miaka 40 na mzazi kwa miaka mingi kuliko hiyo, na namba hiyo sikuwa nayo. Mtu yule hajakamatwa hadi leo ninapoandika. Vitisho vyake lakini vilikwisha siku ile ile, kwa kuwa havikuwa tena na wa kumtisha. Tulichokiogopa hakikutokea. Hata kama kingetokea, kingemkuta mtoto ana watu watatu nyuma yake.

Baada ya hapo nilitaka kufanya nilichokizoea, yaani kuandika kanuni na kuzibandika ukutani. Niliandika kumi na mbili. Mke wangu alisikiliza zikisomwa, kisha akauliza, "Na zako ziko wapi?" Sikuwa na jibu. Kanuni zote zilikuwa za watoto. Nikakaa na karatasi ile siku kadhaa, na ndipo kumbukumbu ikanirudisha mwaka 1973.

Wasomaji wa umri wangu watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya. Serikali ilitumia redio kufundisha watu wazima juu ya usafi na magonjwa kama malaria na kuhara, na watu wapatao milioni 2 walishiriki nchi nzima. Mimi nilikuwa kijana mwenye mwaka mmoja tu kazini, nikapewa kikundi cha kuongoza. Redio ilikuwa moja. Tuliiweka juu ya kiti katikati, wanakikundi wakakaa kuizunguka, tukasikiliza kipindi hadi mwisho. Hatukuishia hapo. Redio ilizimwa, tukasoma kitabu kidogo kilichoandaliwa, tukajadiliana. Wazee walipinga, kina mama waliuliza maswali magumu, na mwisho tuliafikiana jambo moja la kufanya kabla ya kipindi kijacho. Siku nyingine ilikuwa kufyeka nyasi, siku nyingine kuchimba choo. Aliyeafikiana alichimba, na kiongozi wa kikundi alichimba cha kwake kabla ya wengine.

Chombo kile kilikuwa kigeni kwa watu wengi wa kijijini, kama simu hizi zilivyo ngeni kwangu. Kilileta sauti kutoka mbali, na kilikuwa na nguvu ya kuteka masikio. Lakini hakikututenganisha, kwa sababu tulikizunguka pamoja, na kwa sababu baada ya kukizima tulizungumza. Hata miaka ya baadaye, Redio Tanzania ilipokuwa na kipindi cha watoto cha Mama na Mwana, hadithi ilisikilizwa na nyumba nzima, na mtoto akiuliza, palikuwa na mtu wa kumjibu. Redio ilikuwa moja na watu wengi. Sasa vyombo ni vingi kama watu, na kila mmoja hukaa na chake.

Basi nikaichana karatasi ya kanuni, tukaanzisha kikundi cha nyumbani. Ni Jumamosi baada ya chakula cha usiku. Mjukuu mkubwa ndiye mwalimu. Hutuonyesha kitu kimoja alichokutana nacho juma hilo: video, tangazo, ujumbe wa kutia shaka, au habari ambayo watu wanairushiana. Tunaitazama pamoja, simu inawekwa chini, tunaulizana. Nani ametuma? Anataka nini kwetu? Tutajuaje kama ni kweli? Mke wangu, asiyejua kufungua simu janja, ndiye mwenye maswali makali kuliko sote. Aliwahi kuonyeshwa tangazo la kazi za mshahara mnono mjini kwa wasichana wasio na cheti chochote, akasema, "Anayekupa bila kukuuliza unajua nini, mwulize yeye anajua nini." Mjukuu wangu aliandika maneno hayo katika daftari lake.

Tuliafikiana mambo machache. Wakati wa chakula simu zote huwekwa kwenye kapu juu ya kabati. Usiku zinachajiwa sebuleni, si vyumbani. Mtoto akikutana na jambo la kumtisha atasema, na atakayeambiwa hatachukua simu wala fimbo. Kuhusu yule mdogo, nilisoma kwamba Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku mbele ya kioo, na kwamba ikipungua ni bora zaidi. Wa kwetu alikuwa akimaliza saa nne au tano, kwa sababu akiwa na katuni alikuwa kimya, nasi tuliupenda ukimya wake. Tulipompunguzia alilia siku tatu. Siku ya nne alinifuata bustanini akaniuliza kwa nini minyoo haina macho, na tangu hapo maswali hayajakoma. Nakiri kwamba yanachosha, na kwamba kuna siku natamani kumrudishia ile simu.

Nisijifanye kwamba mambo yalikwenda vizuri tu. Wa kwanza kuvunja makubaliano nilikuwa mimi. Siku ya tano nilisikia simu yangu ikilia ndani ya kapu, nikakumbuka mjadala wa kikokotoo, nikainuka katikati ya chakula kwa kisingizio cha kunawa mikono. Mjukuu mdogo akapiga kelele, "Babu anaiba!" Nilirudi kukaa. Tangu hapo nimejua kwamba yule wa kulindwa katika nyumba yetu si mtoto peke yake.

Mwaka huo huo lilitokea jambo hapa ziwani lililonisaidia kulieleza hili kwa majirani. Samaki wa Ziwa Tanganyika walikuwa wamepungua, na nchi nne zinazolizunguka, Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilikuwa zimeafikiana kulipumzisha. Kwa upande wetu uvuvi ulisitishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Mkwe wangu ana chombo Kibirizi, nami nilimsikia akilalamika, kwa haki, maana mwenye watoto hawezi kuwalisha maneno. Usiku taa za ziwani hazikuwapo, maji yakawa meusi kabisa. Lakini hata katika malalamiko yake alisema neno ambalo sikulisahau: "Wakifunga wote, na mimi nitafunga. Nikifunga mimi peke yangu huku wenzangu wanavua, nimefunga njaa tu." Maji ni mamoja. Samaki hajui mpaka.

Nyumba nayo ni hivyo. Mzazi anayemfungia mtoto huku yeye mwenyewe anaendelea kuvua, hajapumzisha chochote. Amemfundisha mtoto kwamba kosa ni kuwa mdogo, na kwamba akishakuwa mkubwa atafanya apendavyo. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nasi tulizoea kuichukua methali hiyo kuwa ni habari ya maneno tunayomwambia. Mtoto huleleka zaidi na yale anayotuona tukiyafanya tukidhani hatutazami.

Naogopa msomaji asije akadhani naichukia simu. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona kuanzia Machi 17 hadi Juni 29 kwa madarasa mengi, niliona watoto wenye redio, runinga au simu nyumbani wakiendelea kusoma, na wasio na chochote wakibaki nyuma. Leo mjukuu wangu hupata katika simu mazoezi ambayo shule yao haina vitabu vyake. Baba yake huongea nao kutoka Geita, na yule mdogo humwonyesha meno yanapong'oka. Pensheni yangu naifuatilia humo humo. Kurudi nyuma hatuwezi, na sitamani.

Nilichokosea ni kufikiri kwamba mzazi ambaye hajui mambo ya mtandao ana njia mbili tu: kuruhusu kila kitu au kufunga kila kitu. Wazazi wengi ninaokutana nao hapa Mwandiga, sokoni, msikitini na kanisani, huniambia, "Mwalimu, sisi hatujui hivyo vitu, watoto wametushinda." Huwajibu kwa kuwaeleza habari ya mke wangu. Vitufe vya simu mtoto anavijua na anaweza kukufundisha kwa juma moja. Asichokijua ni watu: kwamba mtu anaweza kutabasamu akiwa na kisu, kwamba anayekuharakisha ana sababu ya kukuharakisha, kwamba siri anayoombwa mtoto kuwaficha wakubwa wake haina heri. Hayo tunayajua sisi. Lakini hayafiki kwa mtoto mpaka awe ametukaribia, naye hatukaribii akiwa anatuogopa, wala akitukuta macho yetu yameinamia kioo.

Mjukuu wangu alifanya mtihani wa kidato cha pili mwishoni mwa mwaka ule akafaulu, na Hisabati ikarudi mahali pake. Kuna mambo anayonificha, kama kila kijana wa umri wake, nami siyatafuti yote. Meza yangu ya nyumbani ina droo pia. Ndani yake kuna vitambulisho vyetu, kadi ya kliniki ya yule mdogo, na karatasi yenye namba 116 iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu. Ufunguo unaning'inia mlangoni, na kila mtu anajua ulipo.

Juma lililopita nilikuwa nasikiliza taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Mjukuu mkubwa alikuja na simu yake akasema, "Babu, hebu ona." Nilitaka kumwambia asubiri taarifa iishe. Nilipunguza sauti ya redio nikasogea. Ilikuwa video ya mbuzi aliyepanda juu ya paa la daladala akakataa kushuka, na kondakta akimbembeleza kwa majani ya migomba. Haikuwa na funzo lolote. Tuliitazama mara tatu.